Siku Waliyousiriba Ukuta wa Mwalimu Onchiri

Gesare alikuwa na habari, tena habari ya kumkata mtu pumzi. Tangu aliposhuka basi pale Nyaramba alikuwa anatembea huku anacheka peke yake, mkoba begani, viatu mkononi kwa sababu ya matope, na akina mama wawili waliokuwa wanatoka kupeleka majani chai walimpisha njia wakitazamana. Hakujali. Angejali vipi? Wiki tatu nzima alikuwa ameificha habari hiyo kama mtoto aliyeficha sukari mdomoni, na leo, Ijumaa, alikuwa anaipeleka kwa mtu mmoja tu aliyestahili kuisikia kwanza.

Ilikuwa hivi. Bwana mmoja wa Nairobi, wa hao wanaotengeneza vitabu vya shule, alifika chuoni kwao kuzungumza na wanafunzi wa ualimu. Gesare, ambaye mdomo wake haujui breki, alimfuata mpaka mlangoni akamsimulia juu ya ukuta wa Mwalimu Onchiri, aliyemfundisha utotoni, akamsimulia, akamsimulia, mpaka yule bwana akaondoka ameisahau kofia yake mezani. Baada ya siku chache barua ikaja. Jumatatu, saa nne asubuhi, angefika mwenyewe na kamera ya picha za rangi, na ukuta ule ungeingia kwenye kitabu cha walimu wa Kenya nzima. Kurasa nne. Na jina la mwalimu hapo juu kwa herufi kubwa.

Mtu mwingine angemtumia mwalimu ujumbe siku ile ile. Angempa kondakta wa basi, au mtu yeyote wa kanisani anayepanda juu huko. Gesare alikataa kabisa. Alitaka kuuona uso. Alikuwa ameshaupanga wote kichwani: mwalimu angevua miwani, aipanguse kwa upindo wa shati, aivae tena, halafu aseme, "Soma tena, mama, pole pole."

Na huo ukuta, sasa. Ishmael Onchiri alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kama walimu wengine, hesabu asubuhi, Kiingereza mchana, isipokuwa alikuwa na wazimu mmoja: uchoraji. Alifundisha kuchora kama wengine wanavyohubiri. Mwaka wa sitini na tano mwalimu mkuu akamwambia wazi kwamba kwenye mtihani wa darasa la saba hakuna swali la kuchora, wazazi wanalalamika, watoto wanarudi nyumbani na matope kwenye nguo, kwa hivyo somo lenyewe limekwisha. Onchiri alisema sawa. Halafu akawaambia watoto, "Anayetaka, Jumapili, nyumbani kwangu."

Karatasi hakuwa nayo. Alikuwa na nyumba ya udongo yenye mabati, na mke wake alikuwa amefariki bila kumwachia mtoto, kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kumkataza. Akawapa watoto ukuta wa sebule. Kila mmoja kipande chake, upana wa ungo, hakuna zaidi. Rangi walitengeneza wenyewe: udongo mwekundu wa pale barabara ilipokatwa, masizi ya chungu, unga mweupe wa mawe laini ya Tabaka, na utomvu wa mgomba wa kushikisha. Buluu peke yake ndiyo ilinunuliwa, ile ya kufulia nguo nyeupe, na mwalimu aliigawa kwa ncha ya njiti ya kiberiti kama dawa. Sharti lilikuwa moja. Huchori kitu mpaka umekiangalia wiki nzima. Ladan, binti wa Mzee Gulled mwenye duka, ndiye peke yake aliyekuja na kitu ambacho hajawahi kukiona, ngamia, alisimuliwa tu na bibi yake. Mwalimu alifikiri sana siku hiyo. Mwishowe akasema, "Basi umemwangalia kwa masikio. Haya, mchore."

Miaka minane, watoto sitini na tatu. Watu wazima walimwita Mwalimu wa Matope, mbele yake, na yeye aliitika.

Gesare alipoingia uani kama saa tisa hivi, aliwakuta akina mama sita au saba wamekunja nguo, miguu mpaka magotini ndani ya udongo, wanaukanyaga pamoja na mavi ya ng'ombe. Maji yapo, ndoo zipo. Udongo ulikuwa laini kama uji wa wimbi.

"Leo kuna harusi gani hapa ambayo sijaalikwa?" akauliza, bado anacheka. "Mwalimu ameoa? Nani huyo amemkubali?"

Hakuna aliyecheka. Mmoja wao aliinama akaanza kunawa mikono polepole. Huyo alikuwa Drusilla, waliyesoma naye darasa moja, sasa ana mtoto mgongoni na mwingine nyumbani. Alikuja akamshika Gesare kiwiko, na mkono wake ulikuwa baridi.

"Kwani hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Mwalimu alituacha Jumatano. Ni kifua. Walimpeleka hospitali Kisii Jumanne jioni, na asubuhi ya Jumatano wakasema basi."

Gesare alimwangalia Drusilla, akaangalia mlango, akaangalia Drusilla tena. Alikuwa bado anatabasamu, uso ulikuwa haujapata habari. Kisha akakaa palepale kando ya udongo, na kitu cha kwanza kilichomtoka ni neno ambalo halikueleweka na mtu yeyote pale.

"Lakini sijamsomea," alisema.

Walimlilia pamoja kidogo, kama inavyopasa. Halafu dada mkubwa wa mwalimu akatoka ndani. Huyo ni Esnah, mwanamke mrefu, kitambaa cheupe kichwani, ameolewa ng'ambo ya mto na amekuja tangu Jumatano kushika nyumba ya ndugu yake.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Kulia kutakuwepo Jumapili. Sasa kuna kazi. Maiti inaletwa Jumapili asubuhi, itawekwa sebuleni, na kesho ni Sabato. Jua likizama leo hakuna mkono unaogusa udongo. Na ukuta usipopata siku moja ya kukauka, watu watatoka na matope kwenye suti."

Hapo ndipo Gesare alipoelewa udongo ni wa nini.

Huko kwao nyumba haipokei maiti ikiwa chafu. Inasiribwa upya, ndani na nje, ili marehemu alale mahali palipotengenezwa kwa ajili yake na wageni waone kwamba alikuwa na watu. Ni heshima ya mwisho. Hata mlevi asiye na ng'ombe hata mmoja husiribiwa nyumba.

"Nje tu, sivyo?" Gesare akauliza. "Mnasiriba nje."

"Nje tulimaliza asubuhi."

Alisimama. Maneno yakaanza kumtoka yote pamoja, barua, bwana wa Nairobi, kamera, kurasa nne, Jumatatu saa nne, akaichomoa barua yenyewe na kuisoma kwa Kiingereza halafu kwa Ekegusii halafu akachanganya vyote. Akina mama waliacha kukanyaga.

"Siku tatu," alisema Gesare. "Omong'ina, mama yetu, nakuomba siku tatu tu. Jumatatu mchana mimi mwenyewe nitasiriba, peke yangu, kuta zote."

Esnah alikuwa amesikiliza bila kupepesa. "Na Jumapili?"

"Tutatundika mashuka."

"Ufunike ukuta kwenye nyumba ya maiti?" Esnah alishusha sauti. "Unataka waseme tunaficha nini hapo nyuma? Kuna watu hapa wakiona shuka limetundikwa, jioni watakuwa wameshajua ni nani aliyemroga."

"Basi tuwaache waone. Ni picha tu. Ni watoto wao waliochora."

"Wewe ulikuwa wapi mama yetu alipofariki?"

Gesare alikuwa shule ya bweni mwaka huo, akasema hivyo.

"Mimi nilikuwa hapa. Mama aliwekwa sebuleni kwa huyu, kwa sababu ndiye alikuwa na mabati. Wazee wa kanisa wakaingia. Wakaangalia kuku kwenye ukuta, wakaangalia sijui punda yule mwenye nundu, na mmoja akauliza, hii ni matanga au ni shule ya vidudu? Wakacheka, mama yangu amelala palepale. Na Ishmael akacheka nao." Alijifuta mdomo kwa nyuma ya kiganja. "Baadaye nilimkuta kwenye migomba amesimama ameshika shina kama mtu anayetaka kuanguka. Nikajiambia, siku yake ikifika, kama nitakuwa hai, hakuna atakayecheka. Sasa siku yake imefika."

Gesare alikuwa amezoea kushinda watu kwa maneno. Alikuwa tayari kupigana na mtu anayemdharau mwalimu. Hakuwa amejiandaa kwa mtu anayempenda.

Akaingia ndani.

Ukuta ulikuwa vilevile. Dirisha moja lilileta mwanga wa upande, na picha zilikaa pale zote sitini na tatu, nyingine zimefifia, nyingine zimepasuka katikati pale udongo ulipokauka vibaya, kuku, jembe, mguu wa bibi wenye kidonda, mlango wa duka, panya. Palikuwa na harufu ya masizi na dawa ya kifua. Miwani ya mwalimu ilikuwa mezani juu ya gazeti.

Alitoa daftari na penseli. Kama ukuta hauwezi kubaki basi atauchukua kwa karatasi. Akanakili jembe, akanakili mlango, akaanza panya. Alijaribu kwa haraka zaidi. Picha ya nne ilitoka kama kitu alichoandika mgonjwa. Aliangalia saa ya ukutani, saa kumi kasoro kidogo. Hata angekuwa na mikono kumi, asingemaliza. Na rangi je? Penseli itaandika vipi ile buluu? Alifunga daftari.

Alipogeuka alikuta akina mama wote wamejaa mlangoni na ndoo zao, na hakuna anayeingia.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi, na Drusilla ndiye aliyemwambia baadaye: udongo ulikuwa tayari tangu saa sita. Ulikuwa tayari kabisa. Lakini mmoja alisema bado una mawe, mwingine akasema uongezwe maji, kisha umezidi maji uongezwe udongo, na Esnah mwenyewe, mwenye haraka zote hizo, aliingia na ndoo mara tatu na kutoka nayo mara tatu.

"Anza wewe," Esnah akamwambia Gesare sasa. Alisema kama anaamuru, lakini alikuwa haangalii ukuta. "Sisi tulikuwa ndugu zake tu. Nyinyi ndio mlikuwa watoto wake."

"Siwezi."

"Jua linakwenda, mwanangu."

"Omong'ina, siwezi."

"Hata mimi," alisema Esnah.

Nje kuku walikuwa wanaparua ule udongo uliobaki. Kisha Gesare akakunja mikono ya blauzi yake, ile nzuri aliyovaa kwa ajili ya kusoma barua, akachota udongo mkono mzima.

Alianza chini karibu na mlango, kwenye picha ya jembe. Kwanza maji, maana ukuta lazima uloweshwe ili udongo mpya ushike, na maji yalipogusa tu rangi ikaanza kuteremka yenyewe, nyekundu nyembamba mpaka sakafuni. Alipaka haraka juu yake.

"Hilo lilikuwa la nani?" mama mmoja akauliza nyuma yake.

"La Ombui."

"Ombui yupi? Yule wa kina Nyangate?"

"Ndiye."

"Si yuko Kericho sasa? Anachora ramani za mashamba ya chai. Mama yake ananiambia wazungu wenyewe wanamwita Bwana."

Gesare akachota tena. "Huu mlango ni wa Mogire."

"Mogire huyo ndiye ameandika majina kwenye maduka yote ya Nyakoe," akasema mwingine. "Na ile bucha yenye ng'ombe anayecheka. Mtoto wangu hataki kupita hapo bila kusimama."

"Ng'ombe anacheka kwenye bucha," akasema Esnah. "Ana akili kweli huyo?"

Mtu alicheka kidogo, akajizuia. Wakaingia sasa, mmoja mmoja, wakachota. Mikono ikawa mingi. Walipofika kwenye picha waliuliza, na Gesare akataja, na wakati mwingine aliyeuliza alijijibu mwenyewe. Huyu alikuwa mwuguzi. Huyu hajulikani alipo. Hii ni ya Bosibori, alifariki akijifungua, na pale aliyeshika udongo akapaka polepole sana kama anampaka mtu mafuta. Ngamia wa Ladan alichukua muda, alikuwa na nundu iliyopakwa nene, ikabidi ikwanguliwe kwa kisu. Kipande cha Gesare mwenyewe, mvua inayotoka upande wa Manga, kilikuwa na buluu nyingi kuliko vyote kwa sababu alimwibia mwalimu njiti mbili zaidi, na mwalimu aliona, na hakusema. Gesare aliloweka kiganja akaifuta mvua hiyo. Buluu ilibaki kwenye mistari ya mkono wake.

Drusilla alikuwa amefika kwa kuku wake.

Alisimama mbele yake udongo unamtiririka mpaka kiwikoni. Yule kuku ndiye aliyekuwa bora kwenye ukuta mzima, kila mtu alijua, hata Gesare alijua na ilimuuma zamani. Kuku wa kawaida, mweusi, amegeuza shingo kutazama nyuma kwa jicho moja. Mwalimu aliwahi kwenda kwa baba yake Drusilla mara nne kumwomba asimwoze bado. Mara ya nne alifukuzwa na mbwa.

"Nilikuwa na miaka tisa," akasema Drusilla. "Nilimwangalia huyu kuku wiki nzima mpaka mama akafikiri mimi ni mgonjwa."

"Mwache awe wa mwisho," akasema Gesare.

"Kwa nini? Atakuwa amebadilika?" Akambandika udongo jichoni.

Jua lilikuwa limegusa migomba walipomaliza. Ukuta wote ulikuwa mmoja sasa, wa kahawia, umelowa, na alama za vidole vya akina mama zimepinda juu yake kama mawimbi madogo. Esnah aliupapasa kutoka mwanzo mpaka mwisho, akitafuta mahali palipobaki.

"Picha yake ilikuwa ipi?" akauliza. "Ya Ishmael. Sijasikia umeitaja."

"Hakuna."

"Miaka yote hiyo?"

"Tulimuuliza kila mara. Alisema nafasi ni ndogo, atangoja tumalize."

Esnah alibaki na mkono ukutani. Halafu akatoka kunawa, maana Sabato ilikuwa inaingia.

Jumapili watu walikuja wengi, mpaka wengine wakasimama kwenye shamba la chai. Wazee wa kanisa waliingia sebuleni, wakavua kofia, wakaangalia kuta, wakaangalia sanduku, na hakuna aliyesema neno la mzaha. Mmoja alimwambia Esnah kwamba nyumba imetengenezwa vizuri sana, marehemu alikuwa na watu. Esnah aliinamisha kichwa. Wale wanafunzi waliosikia walikuja pia, Mogire na shati lenye madoa ya rangi ya mafuta, Ladan na baba yake wakasimama uani mpaka mwisho. Kila aliyeingia kati yao, macho yake yalikwenda kwanza kwenye ukuta, mahali fulani, kisha yakarudi chini. Walimzika kabla ya mvua.

Jumatatu saa nne bwana wa Nairobi alifika na gari jeupe, kofia nyingine kichwani. Hakuwa mtu mbaya. Aliposikia alisema pole, akavua kofia, akaingia ndani akasimama mbele ya ukuta mkavu kwa muda, kamera inaning'inia kifuani. Akauliza kama kuna anayeweza kuzichora tena.

"Mimi naweza kuchora kuku," akasema Drusilla. "Lakini yule hapana. Yule nilimchora nikiwa bado sijui kitu."

Bwana hakupiga picha. Kurasa nne zingejazwa na kitu kingine, alisema, na kwamba alisikitika kweli, na barabara ni mbaya afadhali aondoke mapema. Walisimama uani wakasikiliza gari mpaka likapotea.

Esnah alikuwa amekaa kwenye kizingiti akichambua mboga ambazo hakuna aliyekuwa na njaa ya kuzila.

"Hiyo barua," akasema. "Angefurahi?"

"Angefurahi sana."

"Angefanya nini?"

Gesare alifungua mdomo amweleze habari ya miwani na upindo wa shati, akaona kwamba hajui. Aliuona uso huo kichwani kwa wiki tatu, lakini alikuwa ameutunga yeye.

"Sijui," alisema.

Esnah aliendelea kuvunja mashina, moja, jingine. Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake alipouliza, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

"Uliipata lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu zilizopita alikuwa anatembea," alisema Esnah. "Alikuwa amekaa hapa nilipokaa mimi."

Gesare alivuta sahani karibu, akachukua sehemu ya mboga, akaanza kuchambua.